Nyuso Zilizopita Mikononi mwa Mama Bulandina

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2018, Mama Bulandina Ithungu anastaafu utumishi wa Hospitali ya Mtakatifu Monika baada ya miaka ishirini na minne na miezi miwili. Katika muda huo, kwa mujibu wa daftari la chumba cha maiti, amewahudumia watu elfu tatu mia nne na kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyemshukuru. Sisi tulio hai, wauguzi na madaktari wa hospitali hii, tumepewa kurasa chache za ratiba ya sherehe ili tuseme asante kwa niaba yao. Tutazitumia zote.

Kwanza turekebishe jambo moja. Katika mafaili ya utawala, Mama Bulandina aliajiriwa kama mfanyakazi wa usafi, na kama mfanyakazi wa usafi anastaafu. Usafi wa nini, waheshimiwa? Ni sakafu gani hiyo ambayo watu husafiri kutoka Karambi na Mubuku kuja kuililia? Mama huyu ni mpambaji wa nyuso za marehemu, wa kwanza na wa pekee ambaye hospitali hii imewahi kuwa naye. Kama utawala haukupata nafasi ya kuliandika neno hilo kwa miaka ishirini na minne, basi limeandikwa leo, hapa, na halitafutwa.

Alizaliwa Bwera, binti wa tano wa mama yake, na ndiyo maana akaitwa Ithungu. Katika ujana wake alipamba maharusi. Siku za soko alivuka mpaka hadi Kasindi kununua poda, na siku za harusi alikaa na bibi arusi mlangoni mwa nyumba, penye mwanga, akimpaka kidogo kidogo. Sifa yake ilikuwa moja: ukimwona bibi arusi wake hukusema amepakwa vizuri, ulisema amelala vizuri. Ngozi ilikuwa ileile, ila imetulia.

Mwaka 1994 aliajiriwa hapa kupiga deki. Mwezi wake wa tatu kazini aliletwa bibi arusi ambaye yeye mwenyewe alikuwa amempamba majuma matatu kabla. Homa ilikuwa imemmaliza kwa siku nne. Mama Bulandina aliuona uso ule ukiwa na rangi ya jivu, akaweka ufagio chini, akaenda nyumbani Bwera kwa miguu na boda boda, akarudi na mfuko wake wa vipodozi. Alitumia poda ileile ya harusi, iliyokuwa haijaisha. Familia ilipokuja kumchukua, mama mzazi alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ya chini kama binti yake ameamka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwachia Mama Bulandina sakafu tu.

Tuliofundishwa naye tunajua kwamba kazi hii haifanani na ya saluni. Damu ikishasimama, uso hubaki na kijivu chenye ubuluu, hasa midomoni na chini ya macho. Ukipaka faundesheni ya kahawia moja kwa moja juu ya kijivu hicho, unapata rangi ya chungu kibichi. Yeye huanza na mafuta mepesi, kwa kuwa ngozi isiyotoa jasho huikataa rangi. Kisha huja tabaka jembamba lenye wekundu wa chungwa, la kuufukuza ubuluu. Ndipo huja rangi ya mtu mwenyewe, iliyochanganywa kwa kijiti juu ya kifuniko cha kopo na kujaribiwa kwenye taya, karibu na sikio, mlango ukiwa wazi, maana taa ya umeme hakuiamini kamwe. Rangi ikipotea kwenye ngozi, ndiyo yenyewe. Ikionekana, anaanza upya. Hapaki; anadonoa kwa sponji, tabaka juu ya tabaka, ili vinyweleo na makovu madogo yabaki yakionekana. Poda huja mwisho, kidogo sana, kuondoa mng'ao.

Tena alitufundisha kwamba hakuna uso wenye rangi moja. Paji si shavu, na kando ya midomo pana kivuli chake. Mwanamke wa shambani ana mstari wa kitambaa cha kichwani katikati ya paji: juu ya mstari ngozi imefichwa miaka yote, chini yake imeiva kwa jua. "Usifute mustari ya kitambaa," alituambia. "Ile iko kazi yake yote ya hii dunia. Ukifuta, umemuibia."

Kabla ya kumgusa mtu, hujitambulisha. "Mimi Bulandina. Nakuja na sponji, iko baridi kidogo. Univumilie." Kisha hungoja kwa muda ambao mtu angehitaji kujibu. Wanafunzi wapya hucheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakuna anayecheka, na ya tatu kila mmoja anajikuta akingoja pamoja naye.

Wapo waliotaka afanye vinginevyo. Bibi Kobusingye, mfanyabiashara wa vitenge ambaye wengi wetu tunamfahamu, alikuja na mkebe wa krimu ya kujichubua akataka shangazi yake azikwe mweupe kidogo, awe wa kupendeza. Hebu tutafakari dharau hiyo! Mwanamke ameishi miaka sabini katika ngozi yake, na siku ya mwisho aombewe ruhusa ya kuitoka! Mama Bulandina hakupandisha sauti kama tunavyoipandisha sisi. Aliuliza tu: "Nikimufanya mweupe, wale walimutangulia watamujua namna gani?" Bibi Kobusingye aliuweka mkebe wake mfukoni, na inasemekana hakuutumia tena hata yeye mwenyewe.

Sasa tufike Agosti 2014, ambayo wengine walitushauri tuiruke. Hatutairuka. Mtu asiyetajwa kosa lake hajatajwa.

Kwa wageni wetu waliotoka mbali kuja kufanya kazi mgodini na katika kiwanda cha saruji, tueleze kwamba miongoni mwa Wakonzo binti wa tatu huitwa Kabugho. Kila nyumba yenye mabinti watatu inaye. Katika juma moja la mwezi huo walifariki wodini akina Kabugho wawili: Kabugho Phionah, mshonaji wa nguo wa Bwera, mke wa Nasani, na Kabugho Ronah, mkulima wa mpunga wa Mubuku, dada wa Baluku. Umri wao ulikaribiana. Wote wawili ugonjwa uliwavimbisha nyuso, hata ndugu zao hawakutarajia tena kuwaona walivyokuwa. Na vitambulisho tulivyowafunga miguuni viliandikwa neno moja: Kabugho. Sisi tuliosoma hadi vyuo vikuu tuliandika jina hilo moja, tukaona linatosha.

Jumatano asubuhi Nasani alileta picha ya mkewe. Ilikuwa picha ya harusi, ya studio, uso umepakwa poda sawasawa kuanzia kwenye nywele hadi kidevuni. Mama Bulandina alimtoa Kabugho wa kwanza, akajitambulisha, akaanza. Kwenye paji aliona mstari hafifu wa kitambaa. Alisita. Akaitazama picha: haikuwa na mstari. Akautazama tena uso, akaitazama tena picha, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini aliiamini karatasi kuliko ngozi. Aliufuta mstari.

Alifanya kazi kwa saa mbili, na tunathubutu kusema hakuwahi kufanya vizuri kuliko siku ile. Aliinua kona ya kushoto ya mdomo kwa kivuli tu, kama ilivyokuwa pichani. Sanduku lilipofunguliwa barazani, mama mzazi wa Phionah, mwenye macho ya ukungu, aliweka vidole viwili chini ya kidevu kile.

"Mutoto wangu amerudi," alisema. "Ugonjwa umemuachia."

Nasani alicheka katikati ya machozi, akawaambia shemeji zake kwamba huo ndio mdomo aliokuwa akiufanya kila alipotaka kumtania. Wakaimba. Wakalifunga sanduku. Wakalipakia kwenye pikapu iliyokuwa ikienda Karambi, kwao Nasani, na dereva akawasha gari.

Ndani, Mama Bulandina alikuwa ameshamtoa Kabugho wa pili. Baluku hakuwa na picha. "Dada yangu hakupenda picha," alikuwa amesema. "Wewe angalia tu ngozi yake, mama." Basi akaiangalia ngozi. Alifungua mlango, akageuza uso ule kwenye mwanga, akaona paji lenye rangi moja tangu kwenye nywele hadi nyusi. Hapakuwa na mstari. Akauinua mkono wa kushoto. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa ngumu, imejaa vitundu vidogo vya sindano.

Akakaa juu ya ndoo.

Tulikuwepo. Tuliona alivyoyatazama makopo yake, kisha mlango, kisha makopo tena, na tulielewa alichokuwa akikiona. Angeweza. Kwa brashi nyembamba na kahawia mbili angemchorea mshonaji mstari wa kitambaa, akamwekea jua la Mubuku mashavuni, na Baluku angempa mkono na kumshukuru. Makaburi mawili, familia mbili zimeliwazwa, na kazi yake ingebaki. Ujuzi wake ulikuwa umefika mahali ambapo ukweli haukuhitajika tena. Ni wangapi kati yetu, viongozi na wasomi, wamefika mahali hapo wakajenga nyumba?

Aliinuka, akachukua beseni, akatoka. Pikapu ilikuwa inakaribia lango. Akasimama mbele yake.

"Musiende. Huyu hapana Kabugho yenu."

Mlinzi wetu, Afande Mugenyi, aliyezoea amri tangu jeshini, alikimbia akipiga kelele. "Wee mama! Toka barabarani! Gari ipite!"

"Afande, funga mudomo. Lete maji."

Nasani aliteremka. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Mama, unasema nini? Huyu iko muke yangu. Nimemulilia sasa hivi. Nimemuona mudomo."

"Mudomo ni yangu," alisema Mama Bulandina. "Nimeuweka mimi."

"Unataka kunichanganya akili siku ya leo?"

"Fungua, Nasani. Kama nimekosea, unipige mbele ya watu hawa wote."

Walilifungua sanduku pale pale, mchana kweupe. Mama Bulandina alijitambulisha tena kwa aliyelala humo, akaomba radhi, akachovya pamba majini. Alianza na mdomo. Kona ya kushoto ikashuka. Akapita shavuni, na shavu la mke wa Nasani likabaki kwenye pamba, na chini yake pakatokea shavu la mtu mwingine, pana, lenye kovu ambalo hakuna aliyekuwa amelijua. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Waimbaji walirudi nyuma hatua kwa hatua, kila mtu amemshika mwenzake. Hakuacha. Alibadilisha pamba mara tano. Uso waliokuwa wameuaga uliondoka mbele ya macho yao vipande vipande, wala haukuacha kitu ila maji ya kahawia kwenye beseni. Mwisho alipangusa paji, na mstari wa kitambaa ukajitokeza.

Nyuma ya watu, Baluku, aliyekuwa amefuata kelele, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyo iko wangu."

Nasani alikaa chini, kwenye changarawe. Kisha akauliza: "Basi mimi nimemulilia nani?"

"Dada ya Baluku," alijibu Mama Bulandina. "Machozi haikupotea. Wewe umemulilia yake, sasa yeye atalia na wewe kwa yako."

Na ndivyo ilivyokuwa. Baluku aliketi kando yake kwenye changarawe. Nasani aliapa kwamba poda haitamgusa mkewe. Lakini mama mzazi wa Phionah, yuleyule aliyekuwa amemshika mgeni kidevu, alisema anataka kumwona binti yake, na kwamba safari hii atakuwepo. Aliingizwa ndani akapewa kiti. Aliosha uso ule kwa mikono yake mwenyewe kwanza. Rangi ilipochanganywa, aliinama hadi pua ikakaribia shavu. "Hapo ongeza," aliagiza. "Alikuwa mweusi kuliko mimi." Wote wawili walizikwa kabla ya jua kuzama, kila mmoja kwao.

Uongozi, ambao haukuwahi kumpa cheo, ulimpa barua ya kumsimamisha kazi ndani ya siku moja. Hatia yake ilikuwa nini? Kwamba alikosea? Walioandika jina moja kwenye vitambulisho walikosea kabla yake, na hakuna barua waliyopata. Tunalijua hilo vizuri, kwa sababu ni sisi. Aliadhibiwa kwa sababu alisimama mbele ya gari badala ya kukaa kimya. Alikaa Bwera miezi mitatu. Kilichomrudisha ni barua moja yenye sahihi mbili, ya Nasani na ya Baluku, waliyoileta pamoja kwa mkono na kuisoma kwa sauti katika ofisi ya utawala, wamesimama, baada ya kukataa viti.

Alirudi Novemba na masharti, nayo ndiyo sheria za chumba hadi leo. Kitambulisho kina majina yote, jina la baba na kijiji. Picha ya harusi haipokelewi. Na mtu wa familia huosha uso kwanza, mikono mitupu, kabla kopo lolote halijafunguliwa. Hospitali tatu za wilaya zimekuja kujifunza utaratibu huo. Tunautangaza hapa kuwa kazi ya kitaalamu, iliyobuniwa na mfanyakazi wa usafi.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo halikuwekwa katika masharti wala halikupangwa na mtu. Baada ya Agosti ile watu waliacha kuziamini picha. Mwaka uliofuata, asubuhi moja, mama mzazi wa Phionah alifika kwa miguu yake, mzima, akasimama mlangoni pa chumba cha maiti akageuza uso kwenye mwanga. "Niangalie sasa," alisema, "wakati ningali najijua." Mama Bulandina alimtazama kwa muda mrefu. Akachanganya rangi, akaijaribu kwenye taya lenye joto hadi ikapotea, akaitia katika kikopo kidogo cha bati, akaandika juu yake majina yote, jina la baba na kijiji.

Kisha akaja jirani yake. Kisha katekista. Kisha familia za saruji, ambazo zikifiwa husafiri mbali na husema njiani uso hubadilika. Afande Mugenyi alikuja mara tatu, akidai kila mara kwamba amechanganyiwa rangi nyeusi mno.

"Afande, jua ya lango imekupika," aliambiwa. "Mimi sikupiki, naandika tu."

Nasani alikuja na Baluku siku moja, wakasimama mlangoni mmoja baada ya mwingine, wakitaniana juu ya nani atatangulia.

Hadi juma lililopita rafu ya chumba hicho ilikuwa na vikopo sitini na viwili. Saba vimetumika. Ukiingia pale asubuhi na kuvifungua, unakutana na rangi za watu uliowasalimu sokoni jana. Unazijua, ila hazina macho. Baadhi ya wenye vikopo watakuwa ukumbini Ijumaa, wamevaa vizuri, wakiusoma ukurasa huu. Msitazamane sana.

Mama Bulandina anamkabidhi rafu hiyo Dada Natukunda wa Kasese, aliyefundishwa naye kwa mwaka mzima. Lakini jicho halikabidhiwi kwa maandishi. Hivyo wenye vikopo wote wanaombwa kufika Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi, kabla ya hotuba, bila poda wala mafuta, wasimame mlangoni Natukunda awatazame. Ngozi hubadilika kwa umri na jua, na vingine vitahitaji kuchanganywa upya. Uongozi pia unakaribishwa. Na uongozi ukishasimama pale, katika mwanga ule, ukitazamwa kimya, huenda ukakumbuka kwamba cheo cha mpambaji wa nyuso bado hakijaandikwa, na kwamba Natukunda naye ameajiriwa kupiga deki.

Jumatatu iliyopita Mama Bulandina mwenyewe alisimama mlangoni. Alimwomba Natukunda amchanganyie. Mara ya kwanza alikitazama kioo akatikisa kichwa. "Hapo unanidanganya. Mimi si musichana." Mara ya pili akasema imekaribia, ila paji lake lina huzuni zaidi ya hiyo. Mara ya tatu Natukunda alidonoa kwenye taya, karibu na sikio, akaondoa sponji, na sisi sote tuliomzunguka hatukuweza kuonyesha ni wapi palipoguswa. Kikopo cha sitini na tatu kilifungwa, kikaandikwa majina yake yote, jina la baba yake, na Bwera.

Asante, Mama Bulandina. Wasingya, kama wanavyosema nyumbani. Nenda ukakae juani, ule matunda ya shamba lako, uwapambe maharusi wachache kama mikono inawasha. Tunakuombea uzee mrefu hivi kwamba uso wako ubadilike kabisa, na rangi iliyomo katika kikopo kile ikauke bila kuguswa.